Damu Moja, Hesabu Mbili: Kwa Nini Namba za CD4 Hutofautiana

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia na wahamasishaji wa afya ya jamii, siku ya semina. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyotolewa, pamoja na maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.)



Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja, maana najua leo ni siku ya soko. Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi katika vikundi vyetu vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi, na hata katika vikundi vingine, kwa sababu hakuna kikundi hapa ambacho ugonjwa huu haujakigusa. Jambo lenyewe ni hili. Mtu anapimwa CD4 katika hospitali moja, anaambiwa 430. Baada ya wiki chache anapimwa hospitali nyingine, anaambiwa 340. Sasa nani anasema ukweli? Na zile chembe 90 zimekwenda wapi?

Jibu fupi ni kwamba huenda hazikwenda popote. Jibu refu litachukua muda kidogo, nanyi mnivumilie.

Tuanze na gorogoro. Kila mama hapa anajua kwamba gorogoro ya soko hili si sawa na gorogoro ya soko la ng'ambo. Huyu ameibonyeza chini ikaingia ndani, yule anajaza mpaka inafanya kilima, mwingine anakata juu kwa kijiti. Mahindi ni yale yale, lakini ukipima kwa huyu unapata gorogoro 45 na kwa yule unapata 50. Ndiyo sababu serikali ina wakaguzi wa vipimo na mizani. Mkaguzi akija kwenye kituo cha kununulia kahawa, anakuja na mawe yake ambayo uzito wake unajulikana. Anayaweka juu ya mizani ya kituo, na mizani ikisema sawa anaigonga muhuri. Yule hakuja kupima kahawa. Amekuja kupima mizani. Neno hilo mlishike, tutalirudia.

Sasa CD4 ni nini? Wengi mmefundishwa kwamba ni askari wa mwili, na sitabadilisha. Ni aina moja ya chembe nyeupe za damu, na virusi vya ukimwi hupenda kuingia ndani ya hizo hasa. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika tone dogo sana la damu, dogo kama kichwa cha pini, linaloitwa maikrolita. Kwa hivyo ile namba kwenye kadi yako si hesabu ya askari wote mwilini. Ni askari waliopatikana katika kile kitone kimoja.

Mashine inayowahesabu kwa jina la kitaalamu huitwa saitomita ya mtiririko, na kazi yake inafanana na kupitisha mifugo kwenye mlango mwembamba wa josho. Damu huchanganywa kwanza na kingamwili zilizofungiwa rangi zinazong'aa. Rangi moja hushika chembe yenye alama ya CD4, rangi nyingine hushika yenye alama ya CD3, nyingine CD45, na kadhalika. Kisha chembe hupitishwa katika mrija mwembamba, moja baada ya nyingine, mbele ya mwanga mkali wa leza. Kila chembe ikipita, mwanga hutawanyika na rangi yake humulika. Mashine huona mmuliko huo na kuweka nukta kwenye kompyuta. Mwishoni fundi wa maabara ana picha yenye maelfu ya nukta, nyingine zimejikusanya hapa, nyingine pale. Halafu anachora uzio kuzunguka zile anazozitaka, na zilizo ndani ya uzio ndizo huhesabiwa.

Hapo kwenye uzio ndipo matatizo ya kwanza huanza. Nani hapa anafuga kondoo wa kienyeji? Ukiwaona jioni kwa mbali wakiwa wamechanganyika na mbuzi, utawatofautisha? Katika damu pia kuna chembe nyingine, ziitwazo monosaiti, ambazo nazo zina alama ya CD4 lakini hafifu. Fundi akiweka uzio wake upana huu, monosaiti zinaingia na hesabu inapanda. Mwenzake wa hospitali nyingine akiubana uzio, anawaacha nje baadhi ya askari halali na hesabu inashuka. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa ilisisitiza alama ya CD3 itumike pamoja na CD4. Chembe iwe na zote mbili ndipo ihesabiwe, na monosaiti haina CD3. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia kuzuia magonjwa, iitwayo CDC, ilitoa miongozo ya namna hiyo miaka ya 1990, ikairekebisha mwaka 1997, na mwaka 2003 ikatoa mingine ya mbinu mpya nitakayoeleza sasa hivi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na hapa naomba wale waliobeba kalamu waandike. Zamani, maabara nyingi zilitumia mashine mbili kupata namba moja. Saitomita ilitoa asilimia tu, yaani katika kila limfosaiti mia, ngapi ni CD4. Halafu mashine nyingine, ya kuhesabu damu ya kawaida, ilisema limfosaiti zote ni ngapi. Fundi akazidisha. Tuseme limfosaiti ni 2,000 na CD4 ni asilimia 20. Jibu ni 400. Lakini tuseme mashine ya kwanza imesoma juu kidogo tu, 2,200, na ya pili nayo imesoma juu kidogo, asilimia 22. Zidisheni. Ni 484. Katika hospitali nyingine zote mbili zimesoma chini kidogo, 1,800 na asilimia 18. Hiyo ni 324. Damu moja, mtu mmoja, saa moja, na hakuna aliyezembea, lakini huyu anasema 484 na yule 324. Kosa dogo likizidishwa na kosa dogo, mnaona linavyonenepa.

Wataalamu walitafuta njia ya kuondokana na mashine ya pili. Njia waliyoipata ni nzuri, na kila mama anayepika githeri ataielewa kuliko daktari. Una debe la mahindi na unataka kujua lina punje ngapi. Huwezi kukaa kuhesabu mpaka Krismasi. Basi unahesabu maharagwe 1,000, unayamwaga ndani, unachanganya vizuri sana, halafu unachota bakuli moja tu. Ndani ya bakuli unakuta maharagwe 20 na punje 60. Punje ni mara tatu ya maharagwe, kwa hivyo katika debe zima kuna punje 3,000. Umemaliza, na hukuhitaji kujua bakuli lina ukubwa gani.

Katika maabara maharagwe hayo ni shanga ndogo sana zinazong'aa, ambazo kiwanda kimezihesabu na kuziweka katika kichupa. Tuseme zimo 50,000. Fundi anaweka damu maikrolita 50. Mashine ikiona shanga 2,500 na CD4 1,000, basi anajua: elfu moja gawanya kwa elfu mbili na mia tano, zidisha kwa elfu hamsini, gawanya kwa hamsini, jibu 400. Mashine moja, kichupa kimoja. Njia hii ilipunguza sana tofauti kati ya maabara na maabara.

Lakini haikuimaliza, kwa sababu bado kuna mkono wa binadamu. Yule fundi anayeweka maikrolita 50, kama kivuta damu chake kimechakaa kikaweka 45, hesabu yako imeshuka kutoka 400 hadi 360 na wewe umekaa tu kwenye benchi hujui lolote. Kama hakuchanganya damu vizuri kabla ya kuvuta, ni vile vile. Githeri isiyokorogwa, maharagwe yote yako chini.

Shanga za kununua zilikuwa na ubaya mwingine, bei. Hapa nawasifu Waafrika wenzetu. Daktari Deborah Glencross wa Johannesburg, pamoja na wenzake, akiwemo Ilesh Jani wa Msumbiji na David Barnett wa Sheffield, Uingereza, walichapisha mwaka 2002 njia ya bei nafuu ambayo haikutegemea limfosaiti. Badala yake walitumia chembe nyeupe zote kwa jumla, zile zenye alama ya CD45. Sababu yao ni ya akili ya kawaida. Mashine mbili zinaweza kubishana ni zipi limfosaiti na zipi siyo, lakini chembe nyeupe zote kwa pamoja ni rahisi kukubaliana. Ukihesabu kitu ambacho kila mtu anakitambua, ugomvi unapungua. Afrika Kusini iliitumia njia hiyo katika maabara zake za serikali.

Sasa turudi kwa mkaguzi wa mizani. Nani anagonga muhuri mashine hizi? Kuna kazi mbili. Ya kwanza hufanywa na maabara yenyewe kila asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote. Wanapitisha shanga za kupimia ambazo mwanga wake unajulikana, na damu ya majaribio ambayo namba yake inajulikana. Mashine ikikosea inarekebishwa au inanyamazishwa siku hiyo. Ya pili hufanywa na watu wa nje. Kuna mpango wa Uingereza ulioko Sheffield, UK NEQAS, na mwingine wa Kanada uitwao QASI. Wao hutengeneza damu iliyohifadhiwa isiharibike njiani, na kuituma kwa maabara za nchi nyingi. Kila maabara inapima bila kujua wengine wamepata nini na kurudisha majibu. Kisha inaonyeshwa: wenzako wengi walipata karibu na 250, wewe umepata 310, nenda utafute kosa lako. Ni mtihani kama wa watoto, lakini hakuna anayechapwa.

Mwaka 2009 huko Kigali, Shirika la Afya Duniani tawi la Afrika lilianzisha pia mpango wa kuzipandisha maabara daraja hatua kwa hatua, ambapo maabara hupewa nyota kuanzia sifuri hadi tano. Hapa Kenya, kibali kamili cha maabara hutolewa na KENAS. Ukifika hospitali, tazama ukutani. Kama cheti kipo, soma tarehe yake. Kama hakipo, kuuliza kwa heshima si dhambi.

Mtu ataniuliza, haya yote yanatuhusu nini, sisi watu wa kuku na mchango wa mzunguko? Yanatuhusu hivi. Kwa miaka mingi namba hii ndiyo iliyoamua nani apewe dawa na nani aambiwe arudi nyumbani. Mpaka wa kwanza ulikuwa 200. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema 350, mwaka 2013 likasema 500, na mwaka 2015 likaondoa mpaka kabisa: ukipatikana na virusi, anza dawa. Kenya ilifuata mwaka 2016. Fikirieni basi enzi za ule mpaka wa 200. Mashine ya hospitali moja inasema 190, ya nyingine inasema 215. Wa kwanza amepata dawa, wa pili ameambiwa bado. Hawa ni watu wenye ugonjwa sawasawa, ila mmoja alipanda matatu ya kwenda kushoto na mwenzake ya kwenda kulia.

Mpaka ule umeondoka, na siku hizi maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa hufuatiliwa kwa kupima wingi wa virusi. Lakini CD4 haijastaafu. Mtu anapoanza dawa, au anaporudi baada ya kuziacha, au virusi vinapopanda, bado inapimwa. Akiwa chini ya 200 anahesabiwa kuwa na ugonjwa uliokomaa, na anatakiwa kuchunguzwa zaidi, hasa kifua kikuu na ule ugonjwa wa kuvu unaoshika utando wa ubongo. Mashine ikisoma 230 kwa mtu ambaye kweli ana 180, uchunguzi huo unaweza kurukwa. Na kuvu ya ubongo haingojei.

Kuna madhara mengine ambayo hayaandikwi katika vitabu vya maabara, na haya nimeyaona kwa macho. Baba mmoja, sitataja kijiji, alikuwa na CD4 310. Akanunua chupa za dawa ya majani kwa mchuuzi wa sokoni, akauza mbuzi wawili kulipia. Baadaye akapimwa mahali pengine, kwa mashine nyingine, akapata 395. Mchuuzi akamwambia, unaona? Umepona. Akaacha vidonge. Jirani zake wakaanza kuuliza yule mchuuzi anapatikana siku gani. Ndani ya mwaka mmoja alishikwa na kifua kikuu, na tulipokwenda kumchukua alikuwa hawezi kusimama. Tulimzika mwezi wa Agosti.

Sasa kalamu tena. Miongozo ya tiba ya Marekani husema kwamba tofauti kati ya vipimo viwili ianze kuhesabiwa kuwa mabadiliko ya kweli ikifika karibu asilimia 30. Chini ya hapo inaweza kuwa ni kutikisika tu kwa kipimo na kwa mwili. Kutoka 310 hadi 395 ni asilimia 27. Na hiyo ni mashine tofauti! Yule baba aliuza mbuzi wake na uhai wake kwa tofauti ambayo fundi mzuri wa maabara asingeipa hata neno moja. Na ile 430 na 340 niliyoanza nayo ni asilimia 21. Mama mwenye namba hizo alikuwa anataka kuacha dawa kwa sababu eti hazimfanyii kazi.

Nimesema na mwili pia, maana mwili wenyewe hautulii. CD4 za asubuhi huwa chache kuliko za jioni. Malaria, homa au ujauzito hubadilisha hesabu. Kwa hivyo hata tungekuwa na mashine moja tu duniani kote, bado namba ingecheza.

Msinielewe vibaya kwamba mashine ndogo za zahanati ni mbaya kwa kuwa si za hospitali kuu. Msumbiji waliweka vile vidogo vinavyopima damu ya kidoleni papo hapo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliopotea kabla ya kuanza dawa walishuka kutoka asilimia 64 hadi 33. Mashine iliyo karibu, hata ikitofautiana kidogo na kubwa, iliokoa watu waliokuwa wanakufa njiani wakingojea majibu. Mimi nachagua gorogoro iliyobonyea kidogo hapa kijijini kuliko mizani ya dhahabu iliyo kilomita 60, mradi gorogoro hiyo nayo ikaguliwe. Shida ni kwamba mara nyingi mashine hizi huletwa na mfadhili kwa sherehe na keki, na bajeti ya kuzikagua haifuati.

Vikundi vifanye nini? Kila mwanachama awe na daftari. Ukipimwa andika namba, tarehe, jina la hospitali, aina ya mashine ukiambiwa, na kama ilikuwa asubuhi au alasiri. Pima mahali pale pale ikiwezekana, na saa ile ile. Ukihamia kwingine, hesabu ya kwanza ya kule iwe mwanzo mpya, usiilinganishe na ya zamani kama mtu anayelinganisha shilingi ya Kenya na ya Uganda. Uliza pia asilimia ya CD4 kama maabara inaitoa, kwa sababu hiyo hutikisika kidogo zaidi. Na namba ikishuka ghafla, rudi upimwe tena kabla ya kulia, huku ukiendelea kumeza vidonge vyako.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: "Dada, mimi nilikuwa 520 nikawa 455, lakini daktari akasema virusi havionekani kabisa. Nishike lipi?"

Nilimjibu: Mama, shika la virusi. Kutoka 520 hadi 455 ni asilimia 12 au 13, na inaweza kuwa ni saa uliyopimwa tu. Virusi kutoonekana maana yake dawa zinafanya kazi.

Kijana wa boda boda, ambaye hubeba sampuli kutoka zahanati hadi hospitali, aliuliza kama ni kweli damu ya CD4 iwekwe kwenye barafu ili isioze.

Hapana. Ile chupa ya kifuniko cha zambarau haitaki barafu wala jua. Inataka joto la kawaida la chumba. Ukiiweka juu ya barafu unaharibu chembe, na ukiiacha kwenye kiti cha pikipiki saa saba mchana unazipika. Iweke katika kisanduku chenye kuta nene, isimame wima, ifike siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa mashine nyingi damu inatakiwa ipimwe ndani ya siku moja au mbili. Kabla hujaondoka, mwulize muuguzi kama ameigeuza chupa polepole mara nane hadi kumi ili damu ichanganyike na dawa iliyomo. Damu ikiganda itakataliwa, na mgonjwa atalazimika kulipa nauli tena. Na ukiona saa ya kutolewa damu haikuandikwa kwenye karatasi, usiwashe pikipiki mpaka iandikwe.